Nguo ya Kukulia: Vazi na Umri kati ya Handeni na Korogwe

Siku ya gulio, robota la nguo za watoto likishafunguliwa na kumwagwa juu ya turubai, baina ya fulana na suruali za jinzi hujitokeza kitu kinachowafanya akina mama wacheke kwanza, kisha wakigeuzegeuze: suti nyeusi iliyochorwa mifupa meupe kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, au joho la mchawi pamoja na kofia yake ndefu yenye ncha. Muuzaji huiita nguo ya kulalia na kuishusha bei. Mtoto wa Chanika mjini Handeni, au wa Manundu mjini Korogwe, ataivaa kwenda kuchota maji mpaka ichakae. Aliyeivaa kabla yake, Marekani, aliivaa usiku mmoja tu, usiku wa 31 Oktoba unaoitwa Halloween.

Nguo hiyo ni ngeni, lakini jambo lililoizaa lina wenyeji wake huku kwetu tangu zamani: kuvishwa ili uwe mwingine kwa muda, kuvishwa kwa kitu kilichotengenezwa nyumbani, na kuvishwa na mtu mzima anayejua umri wako umefika wapi. Tofauti ni moja, na nadhani ndiyo inayostahili historia hii. Mtoto wa Marekani akishakua huacha kuvaa, na mama yake husikitika. Mtoto wa Uzigua alivishwa ili akue, na mama yake akapiga vigelegele.

Udongo, shanga na mtoto wa mti

Turudi kwanza nyuma ya meli na reli. Nyika ya Handeni ilikuwa ya Wazigua, milima ya magharibi yake ya Wanguu. Ng'ambo ya mto Ruvu, ambao wengi huuita Pangani, walikaa Wabondei na Wasambaa, na Korogwe ipo palepale wanapokutana. Kila kabila lilikuwa na namna yake ya kumtoa mtu utotoni. Wavulana waliingia jando, wasichana wakawekwa ndani, na Wabondei walikuwa na galo, ngoma iliyowafundisha vijana yale ambayo asiyeingia hakuruhusiwa kuyasikia.

Vifaa vilikuwa vya nyumbani hasa. Kungwi alichukua udongo wa mfinyanzi akaumba vinyago vidogo: mtu, mnyama, chombo. Kila kimoja kilikuwa na wimbo wake, na kila wimbo ulikuwa na fundisho lake kuhusu ndoa, heshima, uzazi, au ugomvi wa mume na mke. Somo lilipokwisha, kinyago hakikuwa na kazi tena. Mwaustria aitwaye Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, alikusanya mifano mingi ya aina hii kwa Wazigua na Wasambaa, akachapisha kitabu juu yake mwaka 1956. Bila yeye tungekuwa na nyimbo chache na udongo uliokwisha kurudi ardhini.

Mwali naye alifundishwa kwa mwili wake. Alikaa ndani, wakati mwingine kwa miezi mingi, hakuchomwa na jua, akapakwa mafuta ya mbarika, akavishwa shanga. Katika makabila ya mashariki, kuanzia Uzaramo hadi Uzigua, msichana aliweza kupewa mwana hiti, mtoto mdogo wa mti mwenye kishungi cha nywele, ambaye alipaswa kumtunza kama mtoto wa kweli: kumpaka mafuta, kumlaza, kutomwangusha. Kwa nje lilikuwa sanamu la kuchezea. Kwa kungwi lilikuwa mtihani.

Siku ya kutolewa nje, kijiji kizima kilimtazama msichana ambaye kilimjua tangu akitambaa, kikajifanya hakimjui. Jina la utoto liliweza kuachwa. Waliomtuma jana walimwamkia leo kwa adabu mpya. Hapo ndipo vazi lilipofanya kazi yake.

Njaa mbili

Katika miaka ya 1830 mvua iliikimbia Uzigua. Njaa ilikuwa kali kiasi kwamba watu walishuka pwani na kujiweka rehani kwa chakula, au kuwatoa rehani ndugu zao, wakitumaini kukombolewa mvua ikirudi. Wengi hawakukombolewa. Walipakiwa majahazini na kupelekwa kaskazini hadi pwani ya Somalia, wakauzwa mashambani mwa bonde la Shebelle. Baadaye kundi lao lilitoroka kuelekea kusini-magharibi, kwenye misitu ya mto Juba iitwayo Gosha. Simulizi zao zinamtaja mwanamke, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Walibeba lugha, wakabeba na ngoma za ukoo zinazorithiwa upande wa mama. Mtu anayekimbia usiku hana nafasi ya kubeba zaidi ya hapo.

Muongo uliofuata, mbali kabisa na huku, njaa nyingine iliikumba Ayalandi baada ya viazi kuoza ardhini kuanzia 1845. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine wengi walivuka bahari kwenda Marekani. Nao walibeba mila yao: usiku wa kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambao kwa wazee wao wa kale ulikuwa mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya giza, wakati wafu walipodhaniwa kurudi kutembea. Watoto na vijana walivaa matambara, wakajipaka masizi, wakapita nyumba kwa nyumba wakiomba chochote. Walipofika Marekani waliacha kuchonga taa kwa mizizi waliyoizoea kwao, zile tanipu, wakachonga maboga, maana maboga ndiyo waliyoyakuta.

Naziweka njaa hizi mbili pamoja kwa sababu watu waliotawanywa nazo walikuja kukutana, kama tutakavyoona.

Merikani

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 akafika Unguja balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, mtu wa mji wa Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Zilicholeta zaidi kilikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu, cha kudumu. Watu wa pwani walikiita kwa jina la kilikotoka: merikani.

Merikani ilipanda bara kwa misafara kutoka Pangani na Saadani, ikapita Uzigua gora baada ya gora. Ilikuwa nguo, na ilikuwa fedha. Kwa shuka kadhaa ulilipa mahari, hongo ya njia, faini ya uzinzi. Ngozi na magome yakaanza kuonekana nguo ya maskini. Ikitiwa rangi ya nili ilitoa nguo nyeusi ya kaniki, na kaniki ikawa vazi la mwali, la mganga, la mfiwa, yaani la kila mtu aliye katikati ya hali mbili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, na nguo za Uingereza na Bombay zikajaza pengo. Jina merikani halikuondoka.

Salem, mji uliowanyonga watu kwa tuhuma za uchawi mwaka 1692, leo hujaa wageni kila Oktoba, wengi wamevaa mavazi ya Halloween. Wasichana wa Uzigua walikuwa wakitolewa nje kwa kitambaa kilichopakiwa kwenye bandari hiyohiyo kabla wenyeji wake hawajaijua sikukuu hiyo vizuri.

Galo na msalaba

Wamisheni wa Kianglikana wa UMCA walianza kazi Magila, katika Bonde, mwaka 1868. Baadaye wakafika Korogwe na Kideleko, karibu na Handeni. Hawa walikuwa Waanglikana wanaopenda ubani, mishumaa na maandamano, na walishika kalenda yao kwa makini: 1 Novemba Watakatifu Wote, 2 Novemba Marehemu Wote. Kwa hiyo siku mbili zilizo mama wa Halloween zilifika Korogwe miaka mingi kabla ya suti ya mifupa kufika gulioni. Zilifika bila vinyago, zikiwa na majina ya marehemu yaliyosomwa madhabahuni. Watu waliozoea kutambika makaburini hawakuona shida kuelewa kwamba wafu wanatajwa kwa majina. Walichokataliwa ni pombe na damu ya mbuzi.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya galo. Mmisheni aliona matusi na giza. Mkristo wa Kibondei aliona kwamba asipoingia atabaki mtoto maisha yake yote, hata akiwa na mvi. Vijana walisoma katekisimu mchana na kuingia galo msimu ulipofika, wakatengwa na kanisa, wakatubu, na wadogo zao wakafanya vilevile. Kusini, huko Masasi, Vincent Lucas wa misheni hiyohiyo alichagua njia nyingine. Alilichukua jando akalitia sala, msalaba na baraka, na alipokuwa askofu mwaka 1926 mpango huo ulikuwa umeshika mizizi. Kwa maoni yangu Lucas aliona mbali kuliko wenzake wengi, maana alielewa kwamba ukimvua mtu vazi la kukulia lazima umpe jingine.

Reli, mkonge na uso wa mti

Mwaka 1893 ulileta mambo mawili Tanga. Wajerumani walianza kujenga reli, na Richard Hindorf akaleta miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ilifika hai. Asili ya mmea huo ni Yucatán, Mexico, nchi ambako kila mwanzo wa Novemba watu huwaandalia marehemu wao chakula mezani. Reli ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911, na mkonge ukaifuata pande zote: Ngombezi, Magunga, Hale, Mnyuzi, Mazinde.

Wenyeji hawakupenda kukata mkonge kwa mkataba, na walikuwa na mashamba yao. Wakaletwa watu kutoka mbali. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba, na kipande cha kuwekea alama za siku alizofanya kazi. Tangu 1944 ofisi maalumu ya waajiri, SILABU, iliwasomba kwa malori na magari moshi kutoka Kigoma, Njombe, Songea, na hata nje ya mipaka. Wamakonde wa Msumbiji walivuka Ruvuma kwa miguu wakikimbia kazi za shokoa za Wareno. Kambini kila kabila lilikaa mstari wake, na mwisho wa mwezi, mshahara ukishatoka, kila mstari ulipiga ngoma yake.

Wamakonde walileta mapiko. Lipiko ni kichwa kizima cha mti mwepesi, kilichochongwa na kutiwa nywele na chale, ambacho mchezaji hukivaa kama kofia ya chuma na kuchungulia kupitia mdomo. Mwili wote hufungwa nguo, mikono na miguu pia, na njuga hulia kila anapotikisika. Hutoka mbali, vichakani, na ngoma humbembeleza aje. Wanawake na watoto waliambiwa huyo si mtu, ni mfu aliyerudi. Walikimbia kweli, wakarudi kutazama, wakakimbia tena.

Kisha mvulana aliingia jando, na humo alikutana na lipiko uso kwa uso. Akaambiwa: kivue. Chini ya uso wa mti alikuta jasho la mjomba wake. Tangu siku hiyo alikuwa mlinzi wa siri, akapita njiani akiwatazama wadogo zake wakikimbia, na hakucheka. Sijui njia iliyo wazi kuliko hiyo ya kumwonyesha mtoto kwamba amekua: jana uliogopa, leo unajua, na unanyamaza kwa ajili ya wengine. Mtoto wa Kizigua au Kisambaa aliyezaliwa pembezoni mwa kambi aliiona ngoma hii kutoka nje tu, akarudi nyumbani kutengeneza uso wake wa boksi na ndevu za katani, maana nyuzi zilizodondoka karibu na korona, mashine ya kuchakatia mkonge, zilikuwa bure.

Kulikuwa na beni pia. Ngoma hii ilizaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi, ikaingia Tanga, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikasambaa na askari na mapagazi waliorudi. Vyama vyake vikubwa vilikuwa viwili, Marini na Arinoti, na ushindani wao uligawa mtaa hata nyumba. Mavazi yalishonwa na mafundi wa palepale: makoti ya kiofisa, mikanda, kofia, vyeo vya mabegani vilivyokatwa kwa kitambaa chochote chenye kung'aa. Palikuwa na mfalme, jenerali, daktari, muuguzi. Karani aliyeitwa boi ofisini mchana alikuwa kanali jioni. Na cheo kilipanda na umri: kijana aliingia askari wa kawaida, akachangia ada, akagharimia karamu, akazeeka ofisa. Wakoloni waliandika ripoti nyingi za kuihofia ngoma hii. Walikuwa na haki ya kuhofia, kwani watu waliojifunza kupanga vikosi, kutunza hazina na kuchagua viongozi kwa ajili ya kucheza waliweza kufanya hivyo kwa jambo lingine.

Mwaka 1964 nchi ilitoa karibu tani 230,000 za mkonge, kiasi ambacho haijawahi kukifikia tena. Kamba za plastiki zikashusha bei. Mashamba mengi yakataifishwa 1967, kambi zikapungua, na mistari ya kambi ikaoana yenyewe kwa yenyewe. Wajukuu wa manamba leo ni watu wa Korogwe.

Shule na foleni

Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe darasani, mpango wa elimu kwa wote ukaanza 1977, na sheria ya 1978 ikamfanya mzazi anayemzuia mtoto kuwa mkosaji. Wakati huohuo operesheni ya vijiji ilikuwa imewahamisha watu wa Handeni kutoka kwenye mashamba yaliyotawanyika na kuwaweka pamoja, karibu na shule na mbali na makaburi ya mababu. Kukaa ndani miezi mingi hakukuwezekana tena. Unyago ukakunjwa hadi ukaingia katika likizo ya Juni au ya Desemba.

Lilikuwa badiliko jema. Msichana aliyefichwa ndani mwaka mzima alitoka na ngozi laini na mchumba, akiwa hajui kusoma. Hasara ni kwamba makungwi walipopewa wiki mbili walibaki na sherehe wakapoteza masomo. Nyimbo ndefu ziliachwa, vinyago vya udongo havikuumbwa tena.

Kisha ikaja dhiki ya baada ya Vita vya Kagera. Kati ya 1979 na 1984 kanga ilitafutwa kwa foleni na kwa kujuana. Doti moja ilizunguka familia tatu. Mwali alitolewa kwa kanga ya kuazima, na mama aliyeazima alikesha akichunga isichomwe na cheche za moto. Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, mitumba ikaingia kwa mafungu, na fundi cherehani wa barazani, aliyekuwa akishona gauni la sikukuu kuanzia kipande, akaanza kupunguza magauni yaliyoshonwa tayari.

Sikukuu yenyewe haikufa. Katika wilaya hizi mbili Waislamu na Wakristo huishi mlango kwa mlango, na siku ya Idi watoto wote, hata wa wakatekista, huvaa nguo mpya na kupita nyumba kwa nyumba kuomba mkono wa Idi: sarafu, pipi, kipande cha mkate wa mchele. Krismasi ziara hugeuka. Mtoto hajui siku atakayoacha kupewa. Anafika mlangoni na wadogo zake, mwenye nyumba anawagawia wote, yeye anamtazama na kumwambia, "Wewe mkubwa sasa, shikamoo yako tu inatosha." Mwaka unaofuata ataanza kugawa.

Chogo na Lewiston

Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991, na wakulima wa mto Juba wakavamiwa na kila upande wenye bunduki. Wengi walikimbilia Dadaab, Kenya. Wengine walipanda majahazi kuelekea kusini, wakifuata kwa kurudi nyuma njia ya rehani za miaka ya 1830. Waliwekwa kambi ya Mkuyu, Handeni. Wazee wa hapo waliposikiliza lugha ya wakimbizi hao hawakuhitaji mkalimani: kilikuwa Kizigua, chenye maneno ambayo wao wenyewe walikuwa wameyasahau. Mwaka 2003 walihamishiwa makazi ya Chogo, wilayani humohumo, wakapewa ardhi ya kulima, na baadaye karibu watu 3,000 wakaingizwa katika mpango wa kupewa uraia wa Tanzania.

Mwaka huohuo wa 2003 Marekani ilianza kuwapokea ndugu zao waliobaki Kenya, zaidi ya 12,000. Walisambazwa miji mingi, na baadhi yao walijikuta New England, Burlington katika Vermont na Lewiston katika Maine. Lewiston ni mji uliokua kwa viwanda vya pamba, katika eneo lilelile lililowahi kufuma merikani. Oktoba ilipofika, watoto waliokuwa na majina ya Kizigua waliona maboga yamechongwa meno mbele ya nyumba, na majirani wenye asili ya Ayalandi wakiwapeleka watoto wao mlango kwa mlango wakiwa na mifuko.

Wazazi wa Kiislamu waliotoka vitani na kuona mifupa ya kuchezea imetundikwa mlangoni walikuwa na sababu ya kukataa. Wengine walikubali, kwa kuwa mtoto anayepita nyumba kwa nyumba akipewa pipi ni jambo walilolijua kutoka Idi. Lakini kwa nguo, umri na aliyeishona, hawakuwa wageni. Watoto wa mwaka 2003 wamekwisha kuwa watu wazima sasa, na mavazi waliyoacha kuvaa hufungwa pamoja na ya wenzao katika marobota na kuvuka bahari.

Vinyago vya udongo alivyokusanya Cory vipo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Nyimbo zake haziko kabatini. Ziko kwa mabibi wachache wa Handeni na Korogwe, na kila mwaka wanapungua. Kama bibi yako ni mmoja wao, muulize alitolewa nje kwa nguo gani, alivishwa na nani na mwaka gani, kisha uandike, na wimbo wake uandike pia.